Pijo Uliyoiacha Juu ya Jeki

Baba,

Naandika nikiwa ndani ya Pijo, kwenye kiti cha dereva, hapa nyumbani Kiminini, karatasi nimeiegemeza juu ya usukani. Ni saa kumi jioni na jua bado lipo. Kesho tunaenda Bokoli kwa ukumbusho wako, mwaka mmoja tangu tukulaze kando ya Babu, na Mama ameapa hataingia gari lingine lolote isipokuwa hili. Ndugu yangu Wekesa alimpigia kutoka Bungoma akamwambia atatuma gari la rafiki yake. "Hiyo panda na bibi yako," alijibiwa, na simu ikakatwa.

Nimekaa humu kwa sababu hapa ndipo ninapokusikia. Sijamwambia mtu, maana watasema dawa za maabara zimenipanda kichwani. Lakini nikiweka mguu kwenye pedali ya breki, sauti yako inatoka chini ya gari, upande wa gurudumu la nyuma la kushoto. Kanyaga. Kanyaga. Kanyaga. Shika. Kisha inanyamaza. Nasubiri useme "achia" na husemi, mpaka mguu unakufa ganzi nikiwa bado nimeshika.

Hiyo ilikuwa kazi yetu tangu nikiwa na miaka tisa. Breki zikiingia hewa zinataka watu wawili, mmoja ndani anakanyaga, mwingine chini anafungua nati ndogo hewa itoke. Nilikuwa mfupi, ilibidi nishike usukani na karibu nisimame. "Ukiachia kabra sijasema, hewa inarudi, tunaanza upya," ulikuwa ukiniambia. Wekesa alicheza mpira. Mimi nilikanyaga. Nilijiona mtu muhimu sana.

Ile Jumamosi, Mama alikupelekea chai saa kumi, saa kama hii. Gurudumu lilikuwa limelazwa chini, jeki imeshikilia gari, nawe umekaa kwenye nyasi umeegemea mlango, spana mkononi, kofia imeteremka machoni. Alidhani unapumzika. Aliweka kikombe karibu na goti lako akakwambia usiiache ipoe, akarudi jikoni. Baadaye daktari alisema ni moyo, na kwamba pengine ulikaa hivyo nusu saa au zaidi kabla haujasimama. Hakuna haja ya daktari kukwambia kwamba nusu saa inatosha kufika hospitali ya Kitale, kama yupo mtu wa kukupeleka.

Tangu siku hiyo Mama huwaambia wageni maneno yaleyale. "Huyu mzee kiburi yake ndio ilimmaliza. Hakuita mtu. Hata mimi niko hapo jikoni, hakuita." Wageni wanatikisa kichwa, wanasema wanaume wa siku zile ndivyo walivyo. Na mimi nikiwa palepale nawamiminia chai.

Baba, uliita. Saa tatu na nusu asubuhi ulinipigia simu. Nilikuwa saluni mjini Kitale, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, simu nimeibana kati ya sikio na bega. Ulisema, "Nasimiyu, njoo uniangarie kitu kidogo kwa Pijo." Nikakuuliza kitu gani. "Kidogo tu. Hii breki." Niliiona Jumamosi yangu ikiishia kwenye nyasi na grisi. Nikasema, "Baba, si upeleke tu gereji? Njoroge yuko. Hiyo gari ni mzee kuliko mimi, na wewe pia si kijana." Wasusi walicheka. Nami nilicheka kidogo kwa sababu yao. Ukasema sawa, ukakata. Nikaendelea kusukwa.

Siku ya kunyoa, siku ya tatu baada ya mazishi, wengine walikatwa kipande kidogo cha nywele kwa mkasi, vile tunavyofanya siku hizi ili mtu arudi kazini bila maswali mengi. Mimi niliomba wembe. Shangazi zangu walilia, wakasema ona vile huyu alimpenda baba yake. Nywele zilianguka kwenye beseni zikiwa na msuko wa ileile Jumamosi. Niliacha nisifiwe.

Basi Pijo ikabaki. Wekesa alisema, "Dada, ni gereji ama tuuze. Chagua moja." Hakuwa na ubaya, na alikuwa na haki. Breki si redio, kwamba ikikataa utaimba mwenyewe. Fundi ana shimo la kuingia chini ya gari, ana vifaa, na mikono yake inafanya kazi hiyo kila siku. Mimi nina miwani na cheti cha kuandaa kemikali kwa wasichana wa kidato cha tatu. Nilimwambia kwamba Baba alinifundisha. Nilimwambia gereji wanakurudishia gari na nati zingine zimebaki kwenye meza yao, maneno yako hayo. Sikumwambia ukweli, kwamba gereji ndilo neno nililokufukuzia nalo. Nisingeweza kulitii mwenyewe sasa, ukiwa Bokoli chini ya udongo.

Nikaanza kuja kila Jumamosi. Nilivaa ovaroli yako nikakunja mikono mara tatu. Siku ya kwanza niliweka spana juu ya bampa, nikaenda kunywa maji, na niliporudi ilikuwa chini kwenye nyasi, pale ulipokuwa umekaa. Labda ni paka. Tuna paka wawili, na wote wavivu. Siku nyingine nilikaa humu nikakanyaga, na pedali ikashuka polepole chini ya mguu wangu, vile inavyoshuka mtu akifungua nati huko chini. Nilitoka nikainama nikaangalia. Fundi amenieleza baadaye kwamba raba iliyoharibika ndani hufanya hivyo. Namwamini. Na hata hivyo, Baba, niliinama.

Jumamosi ya tatu nilifungua kile kikopo cha mafuta ya breki kwenye injini. Raba ya kifuniko ilikuwa imevimba, haitaki kurudi mahali pake. Nikasimama pale nikifikiria ile rafu yako ya stoo.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya rafu hiyo? Chupa tano za juisi, zote sawa, hakuna hata moja iliyoandikwa. Mafuta ya breki, haidroli ya trekta, mafuta ya injini, mafuta ya taa, na ile ya tano ambayo hata wewe uliiita "hiyo ingine." Nilikuwa nakwambia kwamba kwenye maabara yangu chupa isiyo na maandishi inamwagwa hata kama ni maji. Unacheka, unagusa pua. "Hii ndio rebo yangu." Miaka yote uliyoendesha trekta za watu kwenye mashamba ya ngano, ulijua mafuta kwa kunusa. Nilikuwa nakufunga macho kwa leso nakupa chupa yoyote, na hukukosea hata siku moja. Nilijivunia pua yako shuleni, nikawasimulia walimu.

Nilivuta mafuta kidogo kutoka kwenye kikopo kwa bomba la sindano, nikayadondosha kwenye glasi ya maji. Hilo nimesomea. Mafuta ya breki yanachanganyika na maji yanapotea. Haya yalikaa juu, duara linalong'aa. Nikaitikisa glasi. Yakapanda tena juu yakatulia.

Ilikuwa haidroli ya trekta. Uliweka mafuta ya trekta kwenye breki za gari, na yalikuwa yanavimbisha raba zote, gurudumu hadi gurudumu.

Nilikaa chini. Ndipo mambo yakaanza kuja moja moja. Ile homa kali iliyokulaza wiki mbili. Maziwa yaliyochacha, Mama akayaacha mezani ili amwagie mbwa, ukayanywa yote ukaomba mengine. Chapati iliyoungua hadi jikoni kukawa na moshi, nawe umekaa kando ya jiko ukisikiliza habari. Mama alikukaripia, akasema umekuwa mkaidi uzeeni. Hukuwa mkaidi. Pua ilikuwa imekufa na hukumwambia mtu.

Kwa hiyo siku ile hukutaka mguu wangu kwenye pedali. Ulishaanza kushuku chupa zako, ukataka pua yangu. Ulitaka nije ninuse, nikwambie ni ipi, halafu tunyamaze wote wawili kuhusu jambo hilo, vile tulivyojua kunyamaza. Kitu kidogo, ulisema. Dakika tano zingetosha.

Unajua nilichofanya? Nilimwaga chupa zote tano nyuma ya choo, nikaziosha, nikazichoma pamoja na takataka. Sasa nilikuwa na sababu mbili za kutokwenda gereji. Ya kwanza ni aibu yangu. Ya pili ni jina lako, maana fundi yeyote angefungua breki zile akajua, na Kitale nzima ingesikia kwamba mzee wa Pijo, yule wa pua, aliweka haidroli kwenye breki. Nikajiambia nakulinda. Inaonekana napenda sana kujiambia mambo.

Nilinunua raba za magurudumu yote manne. Nilibadilisha moja baada ya nyingine, kwa Jumamosi nyingi kuliko nitakavyomwambia Wekesa. Ile silinda kubwa tu, ile iliyo chini ya kikopo inayosukuma mafuta kila upande, sikuifungua. Wewe ndiye uliyeifunga mwisho. Nati zake zilikuwa na mikwaruzo ya spana yako. Nilizipangusa kwa kitambaa nikaziacha hivyo.

Kutoa hewa nilimwita Mama. Aliketi hapa nilipoketi sasa, mkoba mapajani kama mtu anayesafiri, nami nikalala chini. Nikasema kanyaga, kanyaga, shika. Mama akasema kutoka juu, "Unaongea kama yeye. Wacha." Sikuwacha. Ningetumia maneno gani mengine, Baba? Sina mengine ya kazi hiyo.

Pedali ikawa ngumu, nzuri. Nilisikia furaha ambayo sikuistahili. Nikawasha gari, likakohoa, likaitika. Mama akatangulia kwenda kunifungulia lango, unajua pale njia inapoteremka kutoka stoo. Nilikanyaga mara ya kwanza, likashika. Mara ya pili, likashika. Mara ya tatu pedali ilikwenda hadi chini, ikalala.

Nilipiga kelele. Mama aligeuka mkono ukiwa kwenye komeo. Nilivuta usukani kulia nikaingia kwenye mabingobingo, yale majani ya ng'ombe, gari likapanda ukingo likasimama pua juu. Kioo cha pembeni kilinasa shuka yake begani kikaondoka nayo. Nilipotoka alikuwa bado amesimama palepale, bila shuka, ananitazama. Hakulia. Alisema, "Mmoja ametosha." Akaokota shuka akaingia nyumbani.

Jumatatu nilivunja glasi mbili za vipimo mbele ya wanafunzi. Kila nilipofumba macho niliuona mkono ule kwenye komeo.

Trekta ya jirani iliivuta Pijo hadi kwa Njoroge, ile gereji yake ya upande wa Kipsongo. Njiani nilikuwa nimejipangia maneno. Nilipofika nikayasema yote bila kusalimia: "Baba alikosea chupa. Aliweka haidroli kwa breki. Nimejaribu kutengeneza mwenyewe na nusura nimgonge Mama. Sijui hii kazi." Nikasubiri acheke. Unamjua anavyocheka, gereji nzima inasimama.

Hakucheka. Alipangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mwarimu," akasema, ananiita hivyo ingawa mimi si mwalimu, "mzee alikuja hapa. Alhamisi ile, na chupa mbili kwa kikapu. Akaniambia, Njoroge, hebu nusa, gani ni ya breki? Mimi nikacheka bana. Nikamwambia, mzee, wewe ndio unaniuliza mimi? Si wewe ndio uko na pua? Nikaita vijana wangu waje wasikie. Na yeye akacheka. Akachukua kikapu yake akaenda." Akaweka mkono juu ya Pijo. "Nilidhani ni utani. Kesho kutwa yake ndio nikasikia ati ameenda."

Tulimsema vibaya mtu huyu, Baba. Siku ya mazishi alisimama nyuma ya hema, akaondoka kabla ya chakula, na sisi tukasema watu wa pesa hawana utu. Mwaka mzima amekuwa na Alhamisi yake, mimi na Jumamosi yangu, na kutoka gereji kwake hadi shuleni kwangu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Elewa jambo lililonichoma. Nilikwambia uende gereji, na ulikuwa umeshakwenda. Ulikuwa umeshavaa kofia, ukapanga chupa kwenye kikapu, ukajishusha kwenda kuuliza, nao wakacheka. Ndipo ukanipigia mimi. Nami nikakurudisha kulekule, huku saluni nzima ikicheka.

Njoroge alifanya kazi siku tatu. Niliomba ruhusa shuleni nikakaa naye. Hakunifukuza, alinipa tochi nimshikie, na kila alichofungua alinionyesha. Alipofika kwenye ile silinda kubwa alinitazama kwanza, nikamwambia fungua. Raba iliyotoka ndani ilikuwa imevimba, laini, inabonyea kidoleni. Aliniwekea kiganjani. Kisha akaniuliza angeipata wapi paipu mpya ya mafuta ya breki za nyuma, nikajua tumemaliza kuzungumza kuhusu wewe kwa siku hiyo.

Leo mchana Mama alikuja mwenyewe gereji kuikagua. Alimfanya Njoroge aendeshe na kusimama, aendeshe na kusimama, hapo barabarani, mara kumi, yeye akiwa amesimama pembeni na mkoba wake. "Rudia," anasema. Fundi mzima akawa anarudia kama mtu wa mtihani. Ndipo akapanda, akafunga mkanda, akasema twende.

Tulipofika Kiminini madukani nilisimamisha gari kando ya akina mama wa nyanya. Breki zilishika vizuri. Nikazima injini, nikamwambia. Nikamwambia saluni, nikamwambia nywele, nikamwambia gereji, nikamwambia pua yako na chupa nilizochoma. Nikamwambia, "Mama, aliita. Aliniita mimi." Alikuwa anatazama mbele kupitia kioo. Mwanamke mmoja alileta nyanya dirishani, akatuangalia nyuso, akaondoka.

Mama aliniuliza kitu kimoja tu. "Ulipokataa, arikuambia tafadhari?"

Miaka arobaini na moja ya ndoa, Baba, na hakulipata neno hilo kwako. Hata chumvi ulikuwa unaionyesha kwa kidevu. Na mimi nimeliruka, hata katika barua hii, huko juu, umeona mwenyewe nilivyoliruka. Baada ya kusema gereji, baada ya kile kicheko, ulisema polepole, "Tafadhari, mama." Nikakwambia tutaona wiki ijayo. Hapo ndipo uliposema sawa.

Nikamjibu Mama. "Alisema."

Alijifunika shuka kichwani akalia kwa sauti, hapo mbele ya soko, vile hakulia siku ya mazishi. Sikuthubutu kumgusa. Nilipoona watu wanakuja nikawasha gari nikamleta nyumbani. Yuko ndani sasa. Hajasema nami neno tangu wakati huo, lakini nimemwona kupitia dirisha akipiga pasi nguo yake ya kesho. Sijui kama ataketi mbele nami au nyuma. Nitaacha milango yote miwili wazi.

Kesho, baada ya maombi, watapokezana kipaza sauti. Wazee wa rika lako watasimama waseme ulikuwa mtu wa kiburi kizuri, hukuomba mtu kitu maisha yako yote, na watu watapiga makofi. Njoroge amesema atakuja, na safari hii atakula. Ataeleza Alhamisi. Mimi nitaeleza Jumamosi, na nakuahidi sitaliruka lile neno. Nitalisema kama ulivyolisema, mbele ya Mama, mbele ya Wekesa, mbele ya shangazi zangu walionisifu.

Kwaheri, Baba. Hawatakwambia tena kwamba hukuita mtu. Uliita. Mimi ndiye sikuja.

Binti yako,
Nasimiyu